Daraja la Tatu la Mwanangu, na Jinsi Nilivyoponywa Kiburi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana bila Yeye leo ningekuwa bado natembea Temeke nzima nikisema uongo kwa sauti kubwa!

Mie ni Mzee Lukasi, mchimba visima. Shule nilikaa miezi minne, mwalimu akanifukuza kwa kusinzia. Lakini niulizeni visima! Kutoka hapa mpaka Gongo la Mboto, maji mnayokunywa nimeyatoa ardhini kwa mikono hii miwili. Nyumba yangu ni ya bati. Nilikuwaga nasema kila siku, "Sikusaidiwa na mtu," na Mungu alikuwa ananisikia tu, kanyamaza.

Mwanangu Yohana ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza darasa la kumi na mbili. Matokeo yalipokuja akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, nimepata daraja la tatu." Ndugu zangu, niliruka! Mtoto wa jirani yangu alikuwa amepata daraja la kwanza. Moja! Wangu tatu! Nilimhurumia sana yule jirani, nikaenda kwake kumpa pole. Nikamwambia, "Usivunjike moyo, labda mdogo wake atafika hata mbili." Akasema ahsante, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Basi nikatangaza kwamba Yohana anakwenda kusomea udaktari kwenye kile chuo kikubwa cha Uganda. Nilitangaza sokoni, nikatangaza kisimani, nikatangaza humu kanisani mkanipigia makofi. Watu wakaanza kuleta magonjwa. Mama mmoja alitoka Keko kwa miguu kuja kuonyesha hiyo hiyo miguu. Yohana akakimbilia chooni, akajifungia mpaka yule mama alipoondoka.

Ndipo mwalimu mkuu akaniita. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. "Mzee, la kwanza ndilo la juu. La tatu liko chini. Kijana amefaulu, na amejitahidi, lakini Uganda wanachagua wale wa juu kabisa. Hapa mjini kuna chuo cha waganga wasaidizi. Huko wanamchukua bila wasiwasi." Akanipa fomu. Fomu moja, chuo kimoja tu, na chini yake dole gumba la baba. Irudi Jumatatu. Akikataliwa, mwaka umekwenda, na mwakani kuna wengine wenye alama nzuri kuliko zake wanaongoja nafasi hiyo hiyo.

Wapendwa, hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Kabla ya siku ile nilikuwa mjinga, na mjinga Mungu anamhurumia. Kuanzia siku ile nilikuwa najua! Na bado nikamwambia mtoto, "Andika Uganda."

"Baba, watanikataa."

"Mwana wa Lukasi hakataliwi."

"Mie nataka kutibu watu tu, baba. Hata vidonda."

"Msaidizi! Mie nimeshawahi kuwa msaidizi wa nani?"

Mama yake akaacha kupepeta mchele. "Baba Yohana, unamzika mtoto ili mdomo wako upone." Nikaikunja fomu, nikaitia ndani ya koti, nikatoka.

Ijumaa mjomba wangu akafariki, maziko yakawa Jumamosi. Sasa, mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Msibani mtani anasema analotaka, anachukua anachotaka, na wewe hukasiriki. Ukikasirika aibu ni yako. Unakomboa kitu chako kwa kuku, mnacheka, yamekwisha. Mchungaji, najua hupendi mambo haya. Nivumilie kidogo.

Mtani wangu ni Mzee Pazi, muuza makuti. Alifika amejifunga kamba ya ukindu shingoni, na mwisho wa kamba amening'iniza kifuu. Akaenda moja kwa moja kwenye jeneza la mjomba, akaweka kifuu juu ya ubao, akainamisha sikio. "Nyamazeni! Daktari wa Uganda yuko kazini!" Akagonga ubao. "Toa ulimi, mzee! Hatoi. Huyu mgonjwa ni mkaidi kama mpwa wake." Watu wakacheka mpaka wanawake waliokuwa wanalia wakapaliwa. Wajane wa mjomba nao wakacheka!

Mie nimetulia, nauma meno. Tulipotoka makaburini tukakaa mkekani, Pazi akanivua koti. Akatia mkono mfukoni, akatoa fomu.

"Hii nini?"

"Pazi, hiyo usiguse. Chukua kuku. Chukua kuku wawili!"

"Kuku wa Mnyamwezi ana kiburi, hatafunwi. Nataka daktari mwenyewe asimame, atusomee alama zake. Akishasoma, karatasi yako hii hapa."

Nilitaka kumrukia. Lakini nitamrukiaje mtani msibani? Desturi imenifunga mikono na miguu. Yohana akasimama. Akasema alama zake zote, moja moja, mbele ya Temeke. Kisha akasema, "La tatu ni la chini. Nikiandika Uganda nitakosa. Hapa mjini nitapata. Baba anajua."

Baba anajua! Ndugu zangu, hakuna aliyecheka. Hata Pazi alivua ile kamba shingoni. Yule jirani niliyempa pole alikuwa amekaa mbele yangu, akainama akawa anakwaruza mkeka kwa kidole, asinitazame. Huruma yake ilinichoma kuliko kicheko. Hapo Bwana alinikamata! Nilihisi kitu kinaporomoka ndani yangu, kama udongo wa kisima ambacho hakijajengewa. Nikasema kwa sauti, "Bwana, mtoto ni wako. Mie nilimfanya ngoma yangu ya kupiga sokoni. Nisamehe." Nikamgeukia Yohana. "Andika chuo cha hapa." Akaandika juu ya sinia la pilau, na dole gumba langu nikalibandika lina mafuta.

Mungu alimtumia punda wa Balaamu kumkanya bwana wake, angeshindwaje kumtumia Mzaramo? Nilimwambia Pazi hivyo. Akanijibu, "Sawa, lakini kumbuka punda ndiye aliyemwona malaika kwanza."

Yohana alichukuliwa. Alisoma, akamaliza, akapangiwa zahanati yetu ya hapa. Mwaka huu niliota jipu, ndugu zangu, mahali nisipoweza kupataja mbele ya Mchungaji. Baba havui nguo mbele ya mwanawe! Nikajificha kwenye foleni nikiomba nipangiwe mganga mwingine. Mlango ukafunguliwa: Yohana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bwana mganga." Nikavua.

Akalitumbua kwa mkono mwepesi kuliko wa mama yake. Nililia, na si kwa sababu ya jipu.

Namshukuru Mungu! Nanyi wazazi, leteni watoto wenu mbele zake na alama walizopata, si zile mlizotangaza. Mtumainini. Mie aliponiita hakuniuliza nimefika darasa la ngapi, na angeuliza, leo nani angesimama hapa? Haleluya!