Mkono wa Kumwozesha Stara

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja wa sanduku la reli uliolazwa juu ya mawe mawili, nyuma ya stesheni ya Dodoma, mwaka wa tatu tangu gari moshi la Mdachi lifike. Mbele ya ubao, Mrisho muuza kahawa aliweka jiko lake la makaa na dele lake. Wanywaji walikuwa wale wale watatu. Shaban, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani enzi za misafara na hachoki kutaja kila kambi aliyolala, walimwita Vituo. Matonya, mnunuzi wa ngozi za ng'ombe, walimwita Ngozi. Nikodemo, aliyesomeshwa misheni miaka miwili na tangu hapo hajaacha kuwasomesha wenzake, walimwita Darasa. Asubuhi ya Ijumaa hiyo wote watatu walikuwa wamesahau kunywa, na hilo halijapata kuonekana. Mrisho alikuwa amewamiminia kahawa kwa mkono wa kulia.

— Hebu rudia, alisema Vituo.

Mrisho akarudia. Akalishika dele kwa vidole vinne na gumba, akaliinamisha, kahawa ikaingia kikombeni. Mkono ulitetemeka kidogo, na kidole cha mwisho kilikuwa bado kimepinda kama ndoano. Lakini umemimina!

— Allahu akbar, alisema Vituo.

— Mimi nasisimkwa, alisema Ngozi. Tazama malaika zangu, zimesimama.

Mrisho mwenyewe alitaka kucheka akajikuta analia, akasingizia moshi. Wenzake walijua kilichokuwa rohoni mwake, maana Dodoma nzima ilijua. Masika ya mwaka uliopita kiharusi kilimwangusha. Uso ulirudi, mguu ukarudi na kuchechemea kwake, ila mkono wa kulia ulijikunja kifuani, vidole vikafumba ngumi, kucha zikazama kiganjani hadi damu. Tangu hapo hakula tena sinia moja na watu, akiona haya kutia mkono wa kushoto. Na leo, baada ya sala ya adhuhuri, anamwoza mwanawe wa pekee, Stara. Baba humwozesha binti kwa kumshika bwana harusi mkono wa kulia. Mdogo wake alikwisha jitolea kushika kwa niaba yake, na Mrisho alikuwa ameapa kwamba akiwa hai, mkono wa kumtoa Stara utakuwa wake.

— Sasa tuseme kweli, alisema Ngozi. Kazi ile ni yangu.

— Yako? Mrisho alimtolea macho. Wewe uliyeniwamba?

Maana walimwamba kweli. Ngozi alikuwa na hakika kwamba kitu kilichokunjamana hunyooshwa kwa njia moja tu: kukilowesha, kukivuta, kukipigia vigingi pembeni na kukiacha juani. Basi waliuloweka mkono wa mwenzao, Vituo akavuta, Darasa akafunga kamba za ngozi kwenye ubao, Mrisho akakaa juani tangu asubuhi hadi alasiri akilia kama ndama. Walipomfungua, ngumi ilijifumba kwa nguvu kuliko mwanzo.

— Dawa huchelewa kufanya kazi, alisema Ngozi. Mchumia juani hulia kivulini. Ulilia, hukulia?

— Hulia maana yake anakula, si analia, Darasa alimkata. Hujui methali, nyamaza. Jambo hili ni la elimu. Gari moshi likipita, ardhi inatetemeka au haitetemeki?

— Inatetemeka.

— Na Mrisho kakaa hapa, kando ya reli, kila siku. Mtetemo umepanda miguuni, ukaingia kwenye mishipa, ukailegeza. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mbichi nani, mtu ana mvi! Vituo alicheka. Ninyi hamjatembea. Mimi nimelala Kilimatinde, nimelala Mpwapwa, nimeona mambo. Mnaikumbuka nyota yenye mkia, mwaka ule reli inafika? Ile ilikuwa inavuta. Yeyote iliyempitia juu ya paa ilimvuta mshipa. Sasa imekwenda zake mbali, mshipa umeachiwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu!

— Unabusu nyota? aliuliza Ngozi.

— Nabusu mkono wa Mrisho! Na aliubusu kweli, na hakuna aliyecheka, kwa sababu mzee yule machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Mrisho aliwaacha waseme. Yeye alimjua aliyemponya, ila kila alipojaribu kueleza, maneno yalikuwa madogo mno. Alikuwa ni Mama Anyesi, mjane wa Kigogo anayelainisha ngozi za Ngozi kwa kuzipaka samli na kuzifikicha mikononi. Siku moja baada ya ule uwambaji alikuja mwenyewe, akautazama mkono, akamgeukia Ngozi. “Ngozi mnaiwamba ikishakufa,” alisema. “Hii ina mwenyewe ndani. Ukiivuta, naye anavuta.”

Tangu siku hiyo alikuja kila alfajiri, miezi saba. Alikanda kwanza begani kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani, akisema mkono huanzia juu. Kisha samli. Kisha gumba, polepole, na mkono ukikaza yeye alikuwa hakazi. Alisimama papo hapo, akingoja hadi Mrisho ashushe pumzi, ndipo aongeze unywele mmoja. Wakati mwingine walikaa hivyo hadi jua kutoka, na kidole kimesogea kiasi cha punje ya uwele. Mwezi wa tatu alimwekesha kiganja juu ya kigoda na kumwambia auegemee. Mwezi wa tano akamletea mbuzi, akamwambia akamue. Mbuzi alimpiga teke, maziwa yakamwagika, Mama Anyesi akacheka hadi akakaa chini. Na leo alfajiri Mrisho alifungua kiganja chake mbele ya taa akaona makovu ya kucha zake mwenyewe, na akaogopa, kama mtu aliyeonyeshwa ndani ya mwili wake.

— Mbukwenyi! sauti iliwasalimu.

Alikuwa Filipo, mtu wa Haneti aliyekuja na mbuzi wa karamu ya harusi. Walimvuta akae, wakamshikisha kikombe, wakamsimulia yote kwa pamoja: vigingi, mtetemo, nyota, na mwishowe, kwa kuwa Mrisho alisisitiza, Mama Anyesi.

— Mwembamba? aliuliza Filipo. Ana shanga za buluu shingoni?

— Ndiye.

— Nimemkuta kisimani sasa hivi. Kaniomba nimfungulie kamba ya kibuyu chake. Vidole vimegoma, vimevimba mafundo, hata kidole na kidole havikutani. Filipo akanywa kahawa. Sasa yeye anakandwa na nani?

Darasa alitazama reli. Ngozi, ambaye ngozi zake zote zililainishwa na vidole vile, aliinama akachora chini kwa kijiti. Miezi saba! Mrisho alijiona kichwani akiunyoosha mkono wake kila alfajiri, na hata siku moja hakuitazama mikono iliyoupokea.

Mama Anyesi akatokea kutoka kisimani, kibuyu kichwani, akitaka kupita.

— Mama, njoo ukae, alisema Mrisho.

— Hapo penu? Mbona ni pa wanaume.

Wanaume wote wanne walikuwa wamekwisha simama. Akakaa katikati ya ubao. Mrisho alitoa kikopo cha samli iliyokuwa ikipashwa kando ya makaa kwa ajili ya mkono wake mwenyewe, akapiga goti la mguu mzima, akaupokea mkono wa mama. Ulikuwa mgumu na wa baridi. Alipojaribu kuukunjua, mama alishtuka.

— Polepole, alisema. Nilikufundisha nini?

— Gumba kwanza. Na kungoja pumzi.

Akangoja. Wale wengine nao, bila kujua, wakawa wanangoja pumzi. Dele lilichemka likamwagika juu ya makaa, hakuna aliyeligusa.

Kutoka nyumbani kwao, hatua chache nyuma ya kijiwe, Stara aliita:

— Baba! Watu wa bwana harusi wamefika!

— Nenda, mwanangu, alisema Mama Anyesi, akiuvuta mkono wake. Leo ni siku ya binti yako. Ndiyo tuliyoifanyia kazi.

Mrisho hakuuachia.

— Wape maji, Stara, na uwaambie wakae! alijibu. Nakuja. Nina mkono wa mtu hapa.