Chupa Nilizozika Katika Bustani ya Kanisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliozoea kusimama hapa mbele, na asifiwe na mimi niliyekaa kiti cha nyuma miezi hii yote nikiomba ibada iishe kabla mchungaji hajauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Leo ameuliza na nimejikuta nimesimama. Basi niacheni niseme yote kwa mara moja, maana nikikaa sijui kama nitasimama tena.

Mnanijua. Mimi ni Mwalimu, yule Mkisii wa darasa la nne, ninayekaa mtaa wa Wiyoni hapa Lamu, pale karibu na bustani yetu. Wengi wenu habari yangu mmeisikia kwa watu, na kila aliyeisimulia ametia chumvi kidogo. Leo isikieni kwangu mwenyewe.

Ndugu zangu, mke wangu Kemunto alifariki miaka sita iliyopita. Yeye alikuwa nyumbani Kisii, mimi niko huku, na kabla sijavuka bahari kwenda Mokowe kutafuta basi alikuwa amekwisha kukata roho. Nilizika, nikarudi kazini. Watoto wetu ni watu wazima, wana nyumba zao, wananipigia simu sikukuu. Siwalaumu, hata mimi sikuwa na la kuwaambia.

Sitawadanganya kuhusu upweke. Nilidhani ni huzuni, lakini huzuni mtu hulia akapata usingizi. Upweke ni kusonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, kisha ukaula wote kwa sababu hakuna wa kuwekewa. Ni kutoka shuleni Ijumaa na kufunga mlango, halafu Jumatatu unapowasalimu watoto unashtuka kusikia sauti yako ilivyokauka, maana ukiondoa zile amina za Jumapili hukuwa umesema neno lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kunywa. Sikwenda kukaa mahali na watu, la. Nililetewa kutoka ng'ambo ya Mokowe, chupa zile ndogo bapa zinazoingia mfukoni. Nilifunga madirisha, nikafungulia redio nyimbo za injili kwa sauti ya juu, nikanywa. Majirani wakasema mwalimu yule ni mtu wa Mungu, kila jioni ni sifa tu. Na ninyi, ndugu zangu, mwaka huo huo mkanichagua kuwa mzee wa kanisa.

Sasa chupa tupu zingeenda wapi? Nyuma ya ukuta wangu kulikuwa na kiwanja kilichoachwa na wenyewe, waliohamia Mombasa. Mnakumbuka kilivyokuwa. Magodoro yaliyooza, nepi za watoto, mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba, viti vya miguu mitatu, na punda wakizunguka humo kutafuta maganda. Mtaa mzima ulikuwa ukitupa pale. Mimi nilirusha chupa zangu alfajiri, adhana inapoanza, ili sauti ya muadhini ifunike mlio wa kioo. Nilijiona mjanja sana! Miaka kumi na moja nimeishi Lamu, na sikuwahi kujiuliza adhana ile inamwamsha nani.

Basi mwaka jana wenye kiwanja walikubali kanisa likitumie. Mchungaji akatangaza kwamba akina mama wangependa kupanda mchicha, sukuma na biringanya, akauliza nani atasimamia usafishaji. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikasema nitasafisha mwenyewe, peke yangu, iwe sadaka yangu kwa Bwana. Mlinipigia makofi. Mama mmoja hapa alisema nina moto wa Roho. Ndugu zangu, ule ulikuwa moto wa hofu. Nilitaka tu mtu asizione chupa zangu.

Kila siku baada ya masomo nilikuwa mle na jembe na reki. Takataka za watu nilizipakia kwenye magunia, punda akazipeleka jaani. Lakini chupa ningezipakiaje? Zingelia njia nzima, na mwenye punda ana mdomo. Nikaamua kuzizika.

Hapo nikafanya kosa la mtu wa Kisii. Kwetu udongo ni mwekundu, una kina, unachimba mpaka unazama wewe mwenyewe, na ukizika kitu kimezikika. Pale Wiyoni nilichimba mchanga, shimo halijafika magotini jembe likagonga jiwe. Nikahamia pembeni, jiwe. Nikajaribu kona ya ukutani, jiwe lile lile la matumbawe. Shimo lenyewe lilikuwa kama sufuria, na chupa zilikuwa za miaka. Basi nikazivunja ili zitoshe. Nilizifunika kwa gunia nikazipondaponda kwa mpini, nikazimwaga, nikafukia, nikatandaza samadi ya punda juu yake. Likawa tuta zuri kuliko yote. Mchungaji alipopita alilisifu lile hasa.

Siku ya kupanda ikapangwa kuwa Jumamosi. Ijumaa jioni nilikuwa nanyoosha kamba za matuta nikasikia naitwa. Ni Bi Rukia, jirani wa upande wa pili wa kiwanja, mjane kutoka kisiwa cha Ndau, naye anaishi peke yake. Miaka yote hiyo tulikuwa na salamu tu, yeye kwake na mimi kwangu. Alisimama kwenye kile kiambaza chake kilichobomoka akasema pole pole, hata hakupandisha sauti.

"Mwalimu, vioo vyako navisikiya miaka yote. Saa hiyo mimi niko uwani, natawadha. Sikumwambiya mtu, maana aliyekuwa akiumia ni wewe pekeyo. Lakini kesho watakuya watoto wa watu na miguu mitupu. Na mtanga huu hauna ndani, ukifukia kitu chatokeza. Usiposema wewe, n'tasema mimi."

Kisha akaingia ndani kwake.

Ndugu zangu, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaona aibu. Miaka ile yote niliyodhani hakuna anayejua kama nipo, palikuwa na mtu hatua ishirini kutoka kwangu anayejua nimeamka, anayejua nimelewa, na ameninyamazia ili nisiaibike. Sikujua kama nilie au nimchukie. Nikisema kweli, nilimchukia.

Asubuhi nilikuwa nimefunga mkoba. Nilikusudia kwenda gatini, nivuke Mokowe, nipande basi, shule ingenitafuta na kanisa lingejua lenyewe. Ili nifike njiani lazima nipite kiwanjani. Nikamkuta Bi Rukia amechuchumaa kwenye kona ile, buibui amelikunja magotini, ana chekeche lake la unga. Anachota mchanga, anachekecha, anaokota kioo, anaweka kwenye bakuli. Mama wa miaka sabini na zaidi, Mwislamu, anasafisha bustani ya kanisa kwa uchafu wa mzee wa kanisa! Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu.

Hakuuliza ninakwenda wapi na mkoba. Alinipungia mkono nisogee, akasema, "Ndoo unisaidie. Mato yangu hayaoni vyema yeo."

Niliuweka mkoba chini. Tukachekecha, mimi na yeye. Sijui kwa muda gani. Jua lilipopanda akaniambia wenzangu wakaribia kufika, na nikitaka niseme tu ni vioo vya takataka za watu, yeye hatatia neno. Nilikuwa nimepewa mlango wa kutokea, tena na mtu niliyekuwa nimemchukia usiku kucha. Na ndugu zangu, hapo ndipo nilipomwona Bwana ninayemshuhudia leo. Kwa maana nilipouona mlango ule uko wazi, sikuutaka tena. Nilichoka kuwa ndani peke yangu.

Akina mama wakaja na miche yao, kumi au kumi na moja, na watoto. Mama Neema alikuwa wa kwanza kuvua ndala. Nikamwambia, "Mama, vaa viatu. Hapa pana kioo, na ni changu." Kisha nikasema yote, redio, adhana, shimo, mpini. Nilisema vibaya, kwa kuruka ruka, lakini nilisema. Bi Rukia aliendelea kuchekecha.

Hakuna aliyenikumbatia. Naomba muelewe hivyo, maana shuhuda nyingi huishia kwa vigelegele. Mama Neema alivaa ndala zake, akanitazama, akasema, "Mzee, sisi tulikupigia makofi." Basi. Sijawahi kuchapwa kama nilivyochapwa na neno lile. Halafu akaomba chekeche la pili.

Uzee wa kanisa mliniondolea, na mlifanya sawa. Wapo kati yenu ambao mpaka leo wakiniona mtaa wa Langoni wanavuka upande wa pili wa uchochoro. Na sitawaambia kwamba upweke uliondoka siku ile. Jioni kwangu bado ni ndefu. Bado napika wa wawili. Lakini tangu Jumamosi ile sijaonja, ndugu zangu, na si kwa nguvu zangu! Miaka yote nilimwomba Mungu aniponye kwa siri, nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo, nikidhani hajibu. Kumbe jibu lilikuwa mtu, yuko ng'ambo ya ukuta, ananisikia, anangoja nifungue. Siku hizi ugali unaozidi nampelekea Bi Rukia, ananicheka kwamba nausonga mgumu, ananipa samaki. Tunakula kila mtu kwake. Inatosha kwa sasa.

Ninamshukuru Bwana. Ninamshukuru mchungaji kwa kunivumilia, na akina mama wanaonipimia mchicha kama wengine.

Nimalizie kwa kuwaalika. Kona ile haijaisha. Kila mvua ikinyesha vipande vinatokeza, na hatujapanda kitu pale. Alasiri nyingi niko mle na chekeche, mara nyingi peke yangu. Kama kuna mtu hapa leo amefunga mlango wake, na anajua ninasema naye, asisubiri mpaka awe na maneno mazuri. Aje tu, avae viatu. Mwaminini Bwana kwa hilo dogo la kutoka nje. Mle bustanini nimeokota vioo vingi, ndugu zangu, na vingine ni vya chupa ambazo mimi sijawahi kuzinywa. Ukija tutachekecha pamoja, na sitakuuliza zako ni zipi.