Pumzi Ishirini kwa Wagonjwa Sita

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea nanyi roho ikiwa juu juu. Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume ametutoka Jumanne asubuhi. Wanafunzi wa uuguzi walimwita Bibi Dakika. Naam, Bibi Dakika ametutoka.

Jina alilipata kazini. Mwanafunzi akiletwa wodini kujifunza kwa vitendo, jambo la kwanza aliambiwa ahesabu pumzi za mgonjwa. Si nusu dakika halafu uzidishe. Dakika nzima, macho kifuani kwa mgonjwa.

Siku moja mwanafunzi mmoja alijaza karatasi za wagonjwa sita. Wote aliwaandikia pumzi ishirini. Bibi Dakika akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa wanapumua kwa kengele?"

"Samahani, mama. Nilikuwa nawahi daktari asinikute sijamaliza."

"Haya. Twende kitanda cha nne."

Wakahesabu pamoja. Arobaini na mbili! Mzee wa watu kumbe nimonia inammaliza kimya kimya, na karatasi yake inasema mzima. Daktari akaitwa mbio, oksijeni ikawekwa. Baadaye mzee yule alitoka wodini kwa miguu yake.

Wasikilizaji, mwanafunzi huyo ni binti yangu wa kumzaa. Ameniruhusu niseme. Hakufukuzwa. Alihesabishwa upya, kitanda kwa kitanda, machozi yanamtoka.

Mdogo wa marehemu ameniambia, "Dada alikuwa mtihani! Ukisinzia mchana kwenye kochi, ukifumbua macho unamkuta anakukodolea kifua, saa mkononi." Tukacheka.

Sasa mimi sina raha. Wodi ile ina wanafunzi kumi na wanne. Muuguzi wa kuwafundisha amebaki mmoja, naye anakimbia huku na huku. Binti yangu bado ana wiki sita pale. Akiandika uongo tena, nani atamshtukia kabla mtu hajafa?

Kwa watoto wa marehemu na mdogo wake, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama yenu alitulelea na wa kwetu.

Nanyi wazazi wenzangu, tusijisifie sare nyeupe tu. Mtoto akirudi jioni, muulize: "Leo kuna ulichoandika bila kukipima?"

Jana nilimuuliza wangu. Aliinama, akavaa tena viatu, akarudi wodini.