Siku Mama Viti Alipokaa

Ndugu waombolezaji, mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Viti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, kitinda mimba wa seremala na mkunga, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1971 akaingia karakana ya baba yake kujifunza kushona makochi, kazi aliyoipenda hadi uzeeni. Tarehe 2 Juni 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mzee wetu huyu mliyempa pole asubuhi, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba wao ndiye anayewasomea.

Mgongo ulipozidi kumsumbua, alipasuliwa uti wa mgongo tarehe 20 Agosti 2009, kidonda kikapona vizuri, maumivu yakabaki pale pale. Kwa miaka mitatu, fundi aliyewakalisha watu raha mustarehe alikula chakula chake amesimama, picha zikapigwa, zikasomwa, kila mara akaambiwa upasuaji ulifanikiwa, hata wengine wakaanza kunong'ona kwamba anajidekeza, na maneno hayo yalimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Alikwisha kupangiwa kupasuliwa tena, ndipo daktari mmoja wa kike alipoziweka picha pembeni.

"Mama, nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja tu."

Kidole kikapita kovu, kikateremka upande wa kulia, juu kidogo ya kalio. Daktari akapabonyeza, akamkunja goti na kulisukuma, mama akapiga yowe.

"Nadhani si pale walipopasua," daktari akasema. "Ni hapa uti wa mgongo unapoungana na nyonga. Tupachome sindano ya ganzi, maumivu yakinyamaza, mwizi tumemkamata."

Sindano ilipokwisha kuchomwa, mzee alikwenda kununua maji, aliporudi akamkuta mkewe kwenye benchi la korido.

"Umekaa?"

"Nimekaa, baba watoto, na kuinuka sina haraka."

Mzee akalia pale pale, chupa mkononi, mbele za watu.

Upasuaji ule ukafutwa, na kwa mazoezi na sindano chache mama akarudi karakana, maumivu yakawa ya kuja kumsalimia tu na kuondoka. Moyo ulianza kumchosha mwaka 2023, na alfajiri ya tarehe 5 Mei 2024 alitutoka usingizini, kwa utulivu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mzee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari yule aliyeketi nasi leo, majirani mliolala nasi matangani, na mafundi wenzake mliofunga kazi kuja kumsindikiza. Mama, tunakulaza kwa huzuni, lakini si kwa uchungu, maana tulikuona umepona. Pumzika kwa amani.