Folda ya Pili

Taksi ilipotoka Rwekubo, Léoncie, abiria wa kiti cha nyuma, alikuwa amepania kusinzia mpaka mjini Mbarara, lakini mzee wa kiti cha mbele hakumpa nafasi. Byamungu, karani wa wafuga nyuki wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa amepakata kompyuta kama mtoto mwenye homa.

"Barua pepe zenye nilituma ziko mu folda mbili," alimwambia jirani yake. "Nusu mu Envoyés, nusu mu Sent. Fundi anasema atafuta yote, aanze upya."

Jirani, mwalimu wa kompyuta aliyeitwa Anne, akaifungua. "Mzee, usifute kitu. Programu yako iko kwa Kifaransa, simu iko kwa Kingereza. Kila moja inaweka barua kwa folda yake." Akaingia kwenye mipangilio, akachagua folda moja, akahamishia barua zote humo. Hakuna iliyopotea.

"Aksanti, mwalimu. Aksanti mingi sana."

"Sasa hii ingine iko tupu. Natoa."

"Hapana, mama. Unirudishie kopi za zote mule."

"Ya nini? Moja inatosha."

Mwalimu huyu, Léoncie akawaza, hajawahi kukimbia nchi.

"Tulipokimbia Kivu niliacha karatasi zangu zote," Byamungu akasema taratibu, "hata ya ubatizo. Kila moja ilikuwa na kopi moja tu."

Taksi ikasimama Mbarara. Kidole cha Anne kilikuwa bado juu ya kitufe cha kufuta, hakijabonyeza wala kuondoka, na Byamungu alikuwa bado anamshukuru kwa kuzikusanya barua zake.