Mzee Mabawa na Nzi wa Pili

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Baada yake alizaliwa dada mmoja tu, ambaye ndiye aliyetusimulia mengi ya haya.

Alisoma shule ya msingi na sekondari akiwa mtoto mkimya, kisha akapata stashahada ya kilimo mwaka 1979. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya ukaguzi wa mazao, akawa mtambuzi wa nzi wa matunda hadi alipostaafu mwaka 2017. Kwa kuwa funza wa nzi hao hufanana mno, aliweka matunda yaliyooza ndani ya chupa pana zenye mchanga, akangoja nzi watoke, ndipo asome mistari ya mabawa yao na kutaja aina. Wenzake wakambandika jina la Mzee Mabawa.

Hakujaliwa kuoa. Siku moja mchumba wake alikuja kumtembelea, akakuta chupa zimejaa meza ya chakula.

"Chagua, mimi au funza!" alifoka.

Marehemu akamjibu kwa upole, "Nipe wiki moja tu, mpenzi, watoke kwanza."

Wiki ilipokwisha nzi walitoka, mchumba hakurudi. Tangu hapo alikula peke yake, sahani katikati ya chupa.

Mwaka 2009 alipata nzi mwenye mabawa ya mistari mitatu kama ya nzi wa matango, ila huyu alitoka kwenye tunda jekundu la porini, ambamo nzi wa matango hatagi kamwe.

"Umechanganya chupa, mzee," wenzake walicheka.

Neno hilo lilimkaa rohoni. Kila msimu aliyachuma matunda yale, akangoja nzi wa pili. Hakutoka.

Mwaka jana kisukari kilimfifisha macho, figo zikafuata, na dada yake akamchukua kwake. Dada huyo, aliyezoea kuziba pua kila alipomtembelea, alichuma matunda yale kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka chupa kando ya kitanda. Asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu nzi alitoka, naye dada akainamia lenzi ya kaka yake.

"Mistari mingapi?" marehemu aliuliza.

"Mitatu, kaka. Wa mwisho umepinda kwenye ncha."

"Kumbe sikuchanganya chupa."

"Hukuchanganya, kaka."

Alifariki jioni ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha dada, shemeji na mpwa mmoja. Apumzike kwa amani, na huko aliko asikose mtu wa kukaa naye mezani.