Salamu ya Karibu na Dari

“Mwanamke gani anamsalimia mwenye nyumba tunayoipaka rangi bila kupiga magoti?” Odur, msimamizi wa mafundi rangi, alimfokea Kavugho ndani ya treni, miguu ya chuma ambayo mafundi hujifunga kwa mikanda ili wafikie dari ikiwa kwapani mwake. “Leo hufanyi kazi mpaka umwombe radhi!”

Kavugho akamgeukia. “Bosi, nilikuwa nimevaa miguu hiyo, kichwa kinagusa dari. Ningepiga magoti, nani angeniinua? Vaa wewe, upige, tukuone!”

“Ungefungua mikanda.”

“Mikanda sita kwa salamu moja?”

Mzee wa kiti cha mbele alisahau karanga zake mdomoni.

Treni ikasimama Nakawa, kituo cha kushukia kwenda kazini. Odur akashuka na ile miguu ya chuma kwa madaha. Kavugho hakuinuka, aliukumbatia mkoba wake wenye mikanda yote sita; bila mikanda hiyo, miguu ile ya chuma haivaliki.